UCHAMBUZI: Somo la kinga ya mwili lahitaji maabara, si daftari pekee

MWANAFUNZI wa shahada ya kwanza anayesomea kinga ya mwili katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, yuko katika eneo ambalo historia yake na somo hilo ni kongwe kuliko chuo chenyewe.

Egerton ilianza mwaka wa 1939 ikiwa shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu kamili mnamo 1987. Lakini tayari mnamo 1931, watafiti wa maabara ya mifugo ya Kabete walikuwa wamechapisha maelezo ya maradhi mapya yaliyoangamiza wanakondoo katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha. Maradhi hayo yaliitwa homa ya Bonde la Ufa, na ndiyo yaliyovuka bahari na kuua watu Saudi Arabia na Yemen mwaka wa 2000.

Licha ya urithi huo, wengi wa wanaosomea biokemia, udaktari wa mifugo, sayansi ya maabara au udaktari wa binadamu, iwe Njoro, mjini Nakuru au katika Chuo Kikuu cha Kabarak, hulipokea somo hili kama msururu wa majina ya kukariri. Kuna seli za T na seli za B, kuna kingamwili za aina tano, kuna antijeni, na kuna mtihani mwishoni mwa muhula. Anayekariri vyema hupita. Ikiwa ameelewa au la, hilo ni suala jingine.

Kiini cha somo si kigumu. Mwili hutambua kilicho chake na kisicho chake, hushambulia kisicho chake, kisha huweka kumbukumbu ya adui huyo ili akirejea apambwe mapokezi makali zaidi. Chanjo ni njia ya kuupa mwili kumbukumbu hiyo bila kuupitisha katika ugonjwa. Utata huanza pale kumbukumbu hiyo inapokuwa fupi, inapomkosea adui, au inapoleta madhara yake.

Homa hiyo ya Naivasha ni mfano mwafaka. Chanjo yake ya tangu jadi, inayotokana na kirusi cha Smithburn kilichopatikana Uganda mnamo 1944, ni ya kirusi hai kilichodhoofishwa. Dozi moja humkinga kondoo kwa muda mrefu sana, ila kondoo mwenye mimba anaweza kuharibu mimba hiyo. Chanjo ya kirusi kilichouawa haina hatari hiyo, lakini kinga yake ni hafifu na sharti irudiwe.

Hebu mfugaji wa Baringo, mojawapo ya maeneo yaliyokumbwa na mkurupuko wa 2006 na 2007 uliosababisha vifo vya zaidi ya Wakenya 150, aulize achague ipi. Jibu halimo katika orodha ya kukariri. Anayemjibu lazima ajue ni kwa nini kirusi hai huuamsha mwili kuliko mfu, na pia ajue kwamba kuchanja wakati maradhi yamekwisha kuzuka, kwa sindano moja kutoka mnyama hadi mnyama, kwaweza kuyasambaza zaidi.

Ugonjwa wa miguu na midomo una fumbo lake. Virusi vyake ni vya aina saba, na kinga dhidi ya aina moja haimsaidii ng'ombe dhidi ya nyingine. Isitoshe, kinga ya chanjo hudumu miezi michache tu, ndipo wafugaji huhimizwa kuchanja mara mbili kwa mwaka au zaidi. Mfugaji wa Molo au Rongai ambaye ng'ombe wake amechanjwa na bado akaugua huhitimisha kuwa ameuziwa maji. Huenda hakudanganywa. Yamkini chanjo ilikuwa ya aina isiyolingana na kirusi kilichopo, au muda wake ulikuwa umepita, au iliharibika kwa joto njiani.

Ukosefu wa watu wa kueleza mambo haya kwa lugha inayoeleweka ulidhihirika mwishoni mwa 2024. Serikali ya Rais William Ruto ilikuwa imetangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 pamoja na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo na sotoka ya mbuzi na kondoo. Mara ukazuka uvumi kwamba lengo lilikuwa kupunguza gesi inayotoka tumboni mwa ng'ombe. Wanasiasa waliuvalia njuga. Serikali nayo ilijibu kwa ukali kuliko kwa maelezo, na mfugaji akaachwa njia panda.

Kosa halikuwa la mfugaji. Hili ni eneo ambalo sotoka ya ng'ombe iliteketeza mifugo ya Wamaasai katika miaka ya 1890, na ambalo lilishuhudia ugonjwa huohuo ukitokomezwa duniani, ushindi uliotangazwa rasmi mnamo 2011. Chanjo iliyofanikisha kazi hiyo ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, karibu na Nairobi. Ni wangapi waliosikia kisa hicho shuleni, sembuse katika baraza la chifu?

Mfano mwingine ni mzozo wa chanjo ya pepopunda wa mwaka wa 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walipodai kuwa chanjo hiyo ilikuwa na homoni ya ujauzito. Mabishano yaliishia kwenye kipimo kiitwacho elisa, ambacho hutumia kingamwili kunasa kitu kinachotafutwa na kukionyesha kwa rangi. Shirika la Afya Duniani na Unicef walishikilia kwamba vifaa vilivyotumika vilikusudiwa sampuli za binadamu, si chupa za chanjo, na kwa hivyo majibu yake hayakufaa kutegemewa.

Mwanafunzi aliyewahi kukifanya kipimo hicho kwa mikono yake angeielewa hoja hiyo papo hapo. Angejua kuwa rangi yaweza kutokea pasipo na kitu kinachotafutwa, na kwamba bila sampuli za kulinganishia matokeo hayana maana. Aliyekisoma katika daftari pekee hubaki kuchagua upande kwa kumwamini msemaji.

Hapa ndipo penye dosari. Sahani moja ya elisa ina vishimo 96, na kemikali zake huagizwa kutoka ng'ambo, hulipiwa kwa dola na huhitaji kuhifadhiwa katika baridi isiyokatizwa. Darasa likiwa kubwa, mmoja hufanya na wengine hutazama, au wote hutazama picha ukutani. Vyuo vya umma vinapolemewa na madeni, pesa za kemikali hukatwa kwanza kwa kuwa kemikali hazina chama cha kuzitetea.

Migomo nayo huongeza uzito. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu siku 49. Mihadhara iliyopotea hufidiwa kwa kubanwa katika wiki chache zilizosalia, jioni na hata Jumamosi. Vipindi vya maabara havibaniki namna hiyo, kwa maana chembe zinazokuzwa haziharakishwi kwa ratiba ya mtihani.

Wazazi nao wana swali lao la haki: mtoto akihitimu ataajiriwa wapi? Kwa sheria ya 1999, anayetaka kufanya kazi katika maabara ya hospitali hana budi kusajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara, na si kila shahada ya sayansi inayomfungulia mlango huo. Anayejiandikisha kwa biokemia aelezwe jambo hili mwaka wa kwanza, si siku ya mahafali.

Matumaini ya ajira katika viwanda vya chanjo nayo yalipata pigo. Kampuni ya Marekani ya Moderna ilitia saini makubaliano ya kujenga kiwanda nchini mnamo Machi 2022, kisha Aprili 2024 ikausitisha mpango huo ikitaja kushuka kwa mahitaji ya chanjo ya corona barani. Inabaki taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI, iliyoko Embakasi, na ile ya chanjo za binadamu, BioVax, iliyoundwa 2021. Ajira za hizo mbili haziwezi kutosheleza wahitimu wa nchi nzima.

Lakini kazi ya somo hili haiishii kiwandani. Kaunti ya Nakuru ina maelfu ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na afisa wa mifugo anayejua kueleza ni kwa nini chanjo ya mwaka jana haikufanya kazi anahitajika kila wadi. Egerton ina shamba na mifugo yake papo hapo Njoro. Damu ya ng'ombe hao, ikipimwa kingamwili kabla na baada ya chanjo, ingewafunza wanafunzi mengi kuliko picha za vitabu vya Ulaya, na idara ya mifugo ya kaunti ingefaidi takwimu hizo. Gharama ya sahani chache kila muhula ni jambo ambalo chuo na kaunti wanaweza kuketi na kugawana kabla ya bajeti ijayo kusomwa.