Greda bovu si skrepa tu

Juzi hapa Tabora nimeona greda kuukuu uani, linasubiri wanunuzi wa skrepa. Roho imeniuma. Kwihara tunatunza tembe alilokaa Livingstone 1872, poa. Lakini njia ya misafara Bagamoyo–Ujiji ilikuwa ya miguu. Barabara za magari zilichongwa na vibarua, baadaye magreda. Nani anawakumbuka?

Kabla ya kulikata, someni kibao cha namba. Kama ni Caterpillar, kwangueni rangi: njano ilianza 1931, kabla ya hapo kijivu. Modeli Namba 12 ilitoka 1938. Si lazima liwake. Litolewe kutu, lipakwe rangi, liwekwe Kwihara. Hela ya skrepa inaisha wiki moja. Au nyie mnaonaje?