LANGO LA MAHAKAMA NI LA NANI?



Zamani za Nabii Amosi kesi zilisikilizwa langoni mwa mji, mahali pa kupita watu wote, na nabii huyo aliwakemea bila woga wakubwa waliowasukuma maskini kando wasipate haki yao hapo. Leo mahakama zetu zina lango la namna nyingine: uzio wa chuma, mashine ya kukagua, na kijana mwenye sare. Kazi ya kijana huyo inakua mwaka hadi mwaka, na sisi wa Haki na Amani hatuna budi kuitazama.

Sababu ya kukua kwake inajulikana. Tarehe 13 Juni 2024, katika Mahakama ya Makadara jijini Nairobi, Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini, mara baada ya kufuta dhamana ya mshtakiwa mmoja. Kikao kilikuwa chini ya hema. Hakimu huyo alifariki kwa majeraha yake, na Jaji Mkuu Martha Koome akasimamisha vikao vya mahemani na kuahidi ulinzi ulio imara zaidi. Alitenda vema. Hakimu anayetetemeka hawezi kuamua kwa haki, na hukumu iliyotolewa kwa hofu haina tofauti na ile iliyonunuliwa kwa fedha.

Lakini ni nani aliyefyatua risasi ile? Je, alikuwa jambazi? Alikuwa mkulima mwenye uchungu wa shamba lake? La hasha! Alikuwa afisa wa polisi, mkuu wa kituo, mume wa mshtakiwa. Hatari ilitoka kwa watu tuliozoea kuwapigia saluti. Nasi somo tulilojifunza ni lipi? Kupekua vikapu vya akina mama!

Nasema niliyoyaona. Nilimsindikiza mjane mmoja wa kigango chetu katika kesi ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Ndani ya kiondo chake, pamoja na hati zake, mlikuwa na kisu kidogo cha kumenyea viazi, alichokisahau humo. Mlinzi alikiona, akakikataa; na kwa hilo simlaumu. Ila hapakuwa na rafu, wala sanduku, wala karatasi ya kuandikia kwamba kitu cha fulani kimewekwa. Mama aliambiwa akipeleke nje, basi. Akazunguka madukani kutafuta mtu wa kumtunzia, akarudi kwenye foleni, akaanza upya mwishoni. Wakati huo wote magari ya wakubwa yalipita, kizuizi kikainuliwa, hakuna aliyeulizwa neno. Tulipofika ndani jina lake lilikuwa limekwisha kuitwa, na kesi imefutwa kwa kuwa mlalamikaji hakuwapo. Hakuwapo! Alikuwa umbali wa hatua hamsini, na kisu cha viazi mkononi.

Wapo watakaosema, "Padre, usalama kwanza." Nami nakubali, ila nauliza: usalama wa nani, na dhidi ya nani? Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 48, yaitaka Serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki; Kifungu cha 50 chadai kesi isikilizwe hadharani; na cha 159 chasema mamlaka ya mahakama hutoka kwa wananchi. Lango linalomchuja mtu kwa viatu vyake limekwisha kuhukumu kabla ya hakimu kuketi.

Wala tusimtwishe kijana wa langoni dhambi zote. Husimama tangu alfajiri, mara nyingi kwa niaba ya kampuni iliyopata kazi kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini, na punguzo hilo hutoka mfukoni mwake. Sheria ya mwaka 2016 iliunda mamlaka ya kusajili walinzi na kampuni zao. Ni mwanzo mwema, lakini kulinda mahakama si kulinda ghala la mahindi. Mlinzi wa mahakama apaswa kujua orodha ya kesi za siku ile, amtambue shahidi anayetishwa, amsaidie mzee asiyejua kusoma, na awe na uwezo wa kumpekua mkuu wa kituo bila kuhofia kazi yake. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi ni mtu kabla ya kuwa chombo. Mwenye mshahara wa kumlisha mtoto wake haombi "chai" kwa mjane.

Basi viongozi wa jumuiya, mtakapokutana na wasimamizi wa mahakama ya wilaya yetu, ombeni haya: rafu na stakabadhi langoni, ukaguzi mmoja kwa wote, wenye sare na wasio na sare, na karani wa kupeleka habari ndani kwamba fulani amefika, yuko kwenye foleni. Gharama yake haifiki bei ya mashine moja.

Ombi la kurudisha kesi ya mama yule limekwisha kupelekwa. Wanaotaka kumsindikiza siku ya kikao wajiandikishe kwa katekista baada ya Misa ya pili.