Kipupwe cha Umatengo na Vidole Vinavyobadilika Rangi

Ipo dhana iliyozoeleka kwamba maradhi ya baridi ni ya nchi za theluji. Dhana hiyo haiwafai wakazi wa Mbinga. Katika milima ya Umatengo, kipupwe cha Juni hadi Agosti huja wakati wa mavuno ya kahawa, na mikono iliyochuma kwenye umande ndiyo inayoosha kahawa kwa maji baridi. Huko chini, Mbamba Bay na Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa una joto zaidi. Hata hivyo, mvuvi anayevuta nyavu zilizolowa usiku wa upepo naye hupozwa vidole.

Kwa mwenye hali ya Raynaud, iliyoelezwa na tabibu Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862, mishipa midogo ya damu husinyaa kupita kiasi. Vidole hupauka na kufa ganzi, hugeuka bluu, kisha huwa vyekundu na kuuma damu inaporejea. Kwenye ngozi nyeusi, mabadiliko hayo huonekana vyema zaidi katika kucha na viganja. Kichocheo si baridi kali pekee. Badiliko la ghafla la joto na msongo wa mawazo hutosha.

Hapa ndipo majira hupotosha. Joto la Oktoba likirejea, dalili hupungua na mgonjwa hudhani amepona. Afikapo zahanati Novemba, mhudumu hukuta mikono yenye joto na kumrudisha nyumbani. Kumbe kwa wachache dalili hizo ni ishara ya mapema ya sklerodema au lupasi. Kwa hiyo swali “Vidole vilikuwaje mwezi Julai?” linastahili nafasi katika kila uchunguzi wa aina hii. Hali iliyoanza baada ya umri wa miaka 30, inayoshika mkono mmoja tu, au inayoleta vidonda vya ncha za vidole, ipewe rufaa bila kungoja kipupwe kingine.

Mgonjwa naye ajikinge mwili mzima, si mikono tu, na aache tumbaku. Apashe vidole kwa maji ya uvuguvugu au kwapani, kamwe si juu ya moto, kwani kidole chenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Nifedipini huwasaidia wengi, ilhali propranololi yaweza kuzidisha dalili. Lakini dawa yoyote ianzishwe au ibadilishwe na tabibu.

Mkulima wa Mbinga huyajua majira yake barabara. Ujuzi huo nao uandikwe katika faili la mgonjwa.