Beringi ziagizwe kwa namba

Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1991 ulifika kabla lengo hilo halijatimia. Visima vilichimbwa na mitambo ikafungwa, lakini mahali pengi mitambo hiyo ilisimama kwa kukosa matengenezo na vipuri. Tangu mwaka 2019 kazi hiyo imekabidhiwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA. Vyombo vya usimamizi vimebadilika, ila pampu bado zinahitaji vipuri, na miongoni mwa vipuri hivyo beringi ina nafasi ya pekee.

Beringi ndiyo inayoibeba shafti ya pampu na kuiwezesha kuzunguka bila kuyumba. Ikilika, shafti hucheza, sili huvuja, maji huingia ndani ya grisi, na hatimaye mota yenyewe inaweza kuungua. Shule au zahanati hukosa maji kwa ajili ya kitu kinachoenea kiganjani.

Linalosikitisha ni namna kitu hicho kinavyoagizwa. Hati ya maombi huandikwa "beringi mbili za pampu", ikapita kwa karani, kwa mhasibu na kwa mnunuzi. Kila mmoja hutia sahihi, na hakuna anayeuliza ni beringi gani. Fedha za umma hutoka, kipuri huletwa, nacho hakiingii.

Namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi si pambo. Chukua 6308. Tarakimu 6 huonyesha aina, yaani beringi ya gololi ya safu moja. 3 huonyesha kundi la ukubwa. Na 08 huzidishwa kwa 5 kupata kipenyo cha tundu, milimita 40. Beringi 6208 nayo ina tundu la milimita 40 na huivaa shafti ileile. Lakini kipenyo chake cha nje ni milimita 80, na cha 6308 ni 90. Aliyepima shafti peke yake atanunua hasara.

Hata kupima pande zote hakutoshi. Beringi 7308 ina vipimo vyote vya nje sawa na 6308, bali imeundwa kuhimili msukumo wa shafti kuelekea upande mmoja, msukumo ambao pampu nyingi huwa nao. Mtu akibadilisha moja kwa nyingine, kazi itaonekana imekwisha, kisha pampu itaharibika mapema. Herufi za mwisho nazo zinakiliwe: C3 maana yake ni nafasi ya ndani iliyo kubwa kuliko ya kawaida, na 2RS ni sili za mpira pande zote mbili.

Kwa kuwa vipimo hivi ni vya kimataifa, hakuna sababu ya kung'ang'ania mtengenezaji mmoja. Hata hivyo, beringi bandia zimejaa katika masoko ya dunia, zikiwa ndani ya maboksi yenye majina makubwa. Bei iliyo chini mno kuliko za wauzaji wengine ni onyo, wala si ushindi wa zabuni. Mnunuzi aende kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji, na adai hati za mzigo.

Kila kituo cha pampu hakina budi kuwa na daftari lenye aina ya pampu, namba iliyo kwenye kibao chake, namba kamili za beringi zake na tarehe zilipobadilishwa. Beringi kuukuu isitupwe kabla haijasafishwa na kusomwa. Mkuu wa idara asitie sahihi maombi yasiyo na namba. Nao walimu wa shule za ufundi wawafundishe vijana kuzisoma namba hizi, kwani ndio watakaokabidhiwa mitambo hiyo kesho.

Kazi hizi hazihitaji msaada wa kigeni wala bajeti mpya. Zinahitaji watumishi wanaosoma kile wanachokitia sahihi.