Kwa Nini Uhandisi?

Muulize mwanafunzi wa sekondari kwa nini anataka kuwa mhandisi. Mara nyingi atajibu: cheo, mshahara, au baba amesema. Hatumlaumu. Mshahara ni haki ya mfanyakazi, na heshima kila mtu huitaka. Lakini sababu hizo huchoka upesi pampu ya maji inapoharibika kijijini, mvua inanyesha, na anayesubiriwa ni yeye.

Hadi Kitivo cha Uhandisi kilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, kijana wetu alilazimika kuifuata shahada hiyo nje ya nchi. Wananchi waligharamia elimu hiyo wakitumaini kupata madaraja, umeme na maji. Deni hilo halilipwi kwa cheo.

Ndugu walimu, hapa ndipo penye kazi yenu. Wapelekeni wanafunzi waone daraja likijengwa. Waacheni waifungue baiskeli mbovu na kuirudisha barabarani. Atakayeonja furaha ya kukitengeneza kitu kikafanya kazi amepata sababu isiyokwisha pamoja na mshahara wa mwezi.

Nanyi watumishi wenye madaraka, acheni desturi ya kumtunza mhandisi hodari kwa kumwondoa kazini na kumpa kiti ofisini. Vijana wanaona. Tukimheshimu mwenye mikono yenye grisi sawasawa na mwenye meza kubwa, hatutakuwa na haja ya kuwahubiria kwa nini wachague uhandisi.