Sanamu Hizi si Miungu

Hapa Musonoi sanamu ya mwanamke ya udongo ikionekana nyumbani kwa bibi mzee, mara twasikia: "Ni ya shetani! Ivunjwe!" Nao wenye kusoma vitabu wana hukumu yao: "Ni mungu mke wa watu wa kale." Wote wamekosa namna moja. Wametazama udongo, hawakumwuliza aliyeufinyanga.

Mwaka 1925, kule Dolní Věstonice, katika nchi iitwayo leo Cheki, walifukua mwanamke wa udongo uliochomwa, urefu wake sentimeta 11, umri wake zaidi ya miaka 25,000. Ana maziwa makubwa na nyonga pana. Waliomfinyanga walikufa pamoja na maneno yao, basi wataalamu hubuni: huyu asema mungu, yule asema uzazi.

Lakini Wabemba, ambao wengi walikuja kwetu kufanya kazi migodini, tunaweza kuwauliza. Mwaka 1931, karibu na Chinsali, Bibi Audrey Richards wa Uingereza alitazama chisungu, yaani unyago wa wasichana, kwa siku 23. Akina mama walifinyanga sanamu ziitwazo mbusa, wakazipaka rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kila mbusa ina jina na wimbo wake, na maana imo katika wimbo. Yumo mwanamke mwenye mimba. Yumo pia mwanamume asiye na mikono: ndiye mume mvivu, akaaye nyumbani akingoja kutumikiwa. (Hata kambini mwetu hakosekani.) Je, huyo naye ni mungu? Tena zile kubwa huvunjwa zikiisha kufundisha. Nani humvunja mungu wake ngoma ikiisha?

Sisi Wakatoliki tulipaswa kufahamu upesi. Tukipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, wengine husema twaabudu plasta, nasi twakasirika. Padri Placide Tempels, aliyeanzisha Jamaa hapa Kolwezi katika miaka ya 1950, alijifunza kwanza kusikiliza. Padri Corbeil, wa Mapadri Weupe, alikusanya mbusa nyingi na kuuliza maana yake, nazo zimetunzwa katika makumbusho ya Moto Moto, huko Mbala, Zambia.

Sisemi kwamba kila fundisho la unyago ni jema. Lililo kinyume cha Injili na liachwe. Lakini utaachaje usilolijua? Mimi mwenyewe, nilipokuwa katekista mpya, nilimwamuru bibi mmoja kutupa sanamu yake mtoni. Alitii. Sikumwuliza jina la sanamu wala wimbo wake, na bibi huyo amekwisha kufa.