Mwanafunzi Awe Kioo cha Mwenzake
Watoto wengi wa Wasso huzungumza Kimasai au Kisonjo nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kusahihisha kila insha kwa kina. Basi kabla ya kukusanya madaftari, kila mwanafunzi amsomee mwenzake insha yake. Naye ataje alichoelewa, sentensi iliyomtatiza na jambo moja la kurekebisha. Madrasani watoto husikilizana hivyo hivyo kabla ya kumsomea mwalimu. Lakini kucheka si kusahihisha: aliyechekwa huficha daftari. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimfananisha muumini na kioo cha mwenzake, nacho kioo humwonyesha mtu doa lake bila kumtangaza.